Kabla hujasema "haelewi", pima masikio yake

Kiharusi kimempiga upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki, na ukimwambia "fumba macho" anakutazama tu. Wodini wataandika kwamba haelewi. Nyumbani watasema hasikii, na kila anayeingia chumbani ataanza kumpigia kelele. Inawezekana wote wamepatia, inawezekana mmoja tu, na kwa kumtazama tu hutajua ni yupi. Inabidi apimwe.

Tatizo ni kwamba kipimo cha kawaida cha usikivu kimejaa lugha. "Ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo sana, bonyeza kitufe." Mtu mwenye afasia, yaani aliyepoteza lugha kwa kuumia ubongo, anaweza kushindwa na sentensi hiyo kabla mlio wenyewe haujafika sikioni, kisha karatasi ikatoka inasema ni kiziwi. Kazi yote ya mpimaji hapa ni kuiondoa lugha kwenye kipimo, hatua kwa hatua.

Shika jambo moja kwanza. Kila sikio hupeleka sauti kwenye pande zote mbili za ubongo. Ndiyo maana kiharusi cha upande mmoja wa gamba la ubongo kwa kawaida hakimzuii mtu kusikia milio. Kipimo kilichofanywa vizuri kikionyesha kwamba hasikii, chanzo kitafute sikioni: uzee, nta, usaha wa miaka mingi, kazi ya karakana, kwinini, sindano za streptomaisini. Kuna kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo ambacho huweza kukata damu ya sikio la ndani. Hapo sikio moja huziba ghafla pamoja na kizunguzungu kikali. Hiyo ni dharura, si suala la kungoja miadi.

Sasa kwa nini upungufu mdogo unamwumiza sana mtu huyu? Uzee huanza kula milio ya juu, na huko ndiko ziliko s, sh, f, t na k. Saa, taa na kaa zinabaki "aa" tu. Kisu na kitu vinafanana. Mwenye ubongo mzima hujaziliza pengo hilo kwa kukisia kutokana na mazungumzo. Kiharusi kikigusa eneo la Wernicke, sehemu ya ubongo inayosaidia kuelewa maneno, kukisia huko ndiko kunakopotea. Upungufu ambao mzee aliishi nao miaka kumi bila kulalamika unakuwa ukuta ndani ya siku moja.

Kabla ya mashine yoyote, waulize wa nyumbani. Redio alikuwa anaiweka juu kiasi gani? Alikuwa anasema "unasemaje?" mara kwa mara? Ana shime-sikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti? Mara nyingi mgonjwa hukimbizwa hospitali usiku, shime-sikio na miwani vikabaki kwenye kabati, na hakuna anayevikumbuka hadi wiki ya pili. Vileteni.

Kisha aangaliwe ndani ya masikio kwa otoskopu, kifaa chenye taa cha kutazamia sikio. Nta iliyoganda ni ya kawaida sana kwa wazee, na kuiondoa ni rahisi: mafuta ya zeituni matone machache mara mbili kwa siku kwa siku 3 hadi 5, halafu muuguzi aliyefunzwa aisafishe. Sikio linalotoa usaha, au lenye kiwambo kilichotoboka, lisitiwe mafuta wala maji; linamhitaji daktari.

Siku ya kipimo iwe asubuhi, baada ya chai, kabla ya mazoezi ya viungo, maana mgonjwa wa kiharusi huchoka haraka na uchovu hufanana na uziwi. Chumba kiwe kimya: feni izimwe, mlango ufungwe. Mpimaji akae upande wa kushoto wa mgonjwa, kwa kuwa kiharusi cha kushoto huweza kuondoa uoni wa upande wa kulia.

Hapa ndipo pa kuwa na subira. Usieleze, onyesha. Chukua kile kitetemeshi cha audiometa (mashine ya kupima usikivu) kinachowekwa mfupani nyuma ya sikio, mpe akishike kwa mkono wa kushoto, kisha piga mlio mzito wa 250 Hz (mitetemo 250 kwa sekunde) kwa nguvu hadi kiganja kitetemeke. Kikitetemeka, mwongoze achukue kete ya bao na kuidondosha kwenye kikombe. Kikitulia, kete inangoja. Fanya naye mara mbili tatu, halafu mwachie. Akifanya mwenyewe mara 3 mfululizo bila kusaidiwa, mvalishe hedifoni, piga mlio wa 1000 Hz unaosikika wazi, na uone kama mchezo ule ule unaendelea. Kete ni bora kuliko kitufe, kwa sababu inaonekana, inashikika, na kila mara ina mwanzo na mwisho. Kama ni mtu mzima anayejisikia kufanywa mtoto, kuinua kidole cha kushoto kunatosha. Heshima yake haijapotea pamoja na maneno.

Kipimo chenyewe hakibadiliki: shusha nguvu ya sauti desibeli 10 akijibu, panda 5 asipojibu, na kizingiti ni kiwango cha chini kabisa alichojibu angalau mara 2 kati ya 3 wakati wa kupanda. Kinachobadilika ni mwendo. Mlio uwe wa kukatikakatika, si mrefu mmoja, maana wa kukatikakatika hushika usikivu zaidi. Subiri jibu hata sekunde 5 au zaidi. Anza na 1000 na 4000 Hz kwa masikio yote mawili, kisha 2000 na 500, ili akichoka njiani uwe umepata ya maana.

Kinachoharibu kipimo zaidi ni kurudiarudia. Wagonjwa wengi wa afasia wakianza kitendo hushindwa kukiacha: kete zinadondoka kwa mpigo kama saa ya ukutani, mlio uwepo usiwepo. Usiandike matokeo hayo. Badilisha urefu wa kimya, mara sekunde 2, mara 8, na akiendelea kujibu kimya, simamisha, mpumzishe dakika 10, rudi kwenye kitetemeshi.

Wapo ambao haitawezekana kabisa. Hao wapimwe bila kuombwa jibu: kipimo cha shinikizo la sikio la kati, kipimo cha mwangwi wa sikio la ndani, na kile cha mawimbi ya shina la ubongo ambacho kinafanyika hata akiwa amelala. Mwangwi ukipatikana, sikio la ndani kwa kawaida linafanya kazi, ingawa upungufu mdogo bado unaweza kuwepo. Ukikosekana, huenda ni majimaji tu nyuma ya kiwambo, kwa hiyo usikisome peke yake.

Vipimo vya kurudia maneno au tarakimu, pamoja na programu za simu, viacheni. Ukitaka kupima maneno, tumia picha 4 zilizopangwa wima, katikati ya macho yake. Lakini kwanza mpe kijiko halisi bila kusema neno, uone kama atakioanisha na picha ya kijiko. Akishindwa hapo, kosa si la sikio. Akiambiwa "jogoo" akaonyesha kuku, hilo ni la lugha. Akiambiwa "kisu" akaonyesha kiti, laweza kuwa la sikio au la ubongo, na ni kizingiti cha milio tu kitakachokusaidia kuamua.

Kwenye ripoti, andika pia jinsi ulivyopima na unayaamini matokeo kiasi gani. Mtaalamu wa tiba ya usemi anahitaji mstari huo kuliko mchoro wa matokeo. Wastani wa 500, 1000, 2000 na 4000 Hz ukifika desibeli 35 katika sikio lililo zuri zaidi, zungumzeni kuhusu shime-sikio. Kwa mkono mmoja, chagueni la kuchaji, si la kubadilisha betri ndogo kama punje ya choroko. Kama ni sikio moja tu litavalishwa na yote mawili yanalingana, vikeni la kushoto, ambalo mkono wake mzima unalifikia.