Taslimu hotelini: punguzo lipo, ila si kila mahali

Umeuliza kama ukiwa nje ya nchi unaweza kupunguziwa bei ya chumba kwa kulipa taslimu. Inawezekana, ila kwenye hoteli kubwa za kimataifa usijisumbue; mtu wa mapokezi mara nyingi hana ruhusa ya kugusa bei. Jaribu nyumba ndogo za wageni, pale ambapo mwenye mali ndiye anayekupa ufunguo. Malipo ya kadi humkata kama asilimia 2 au 3, na tovuti za kuweka nafasi mara nyingi huchukua 15 au zaidi. Hapo ndipo penye nafasi ya kuongea, kwa hiyo wasiliana naye moja kwa moja. Mwambie tu, "Nikilipa taslimu siku zote nne, utanifanyia ngapi?" Halafu nyamaza, mwache yeye ataje.

Kwanza piga hesabu ya makato ya ATM na ya kubadilisha fedha, maana punguzo la asilimia 3 linaweza kuishia humo humo. Kagua chumba, fungua hata bomba, ndipo utoe hela. Na risiti usiiache: ukidhulumiwa, hakuna benki ya kukurudishia noti.