Akwariamu ya mimea Mtwara: anza na maji, samaki baadaye

Wanaotaka kuanzisha tangi la samaki lenye mimea huniuliza kwanza habari za samaki: gapi wenye mikia mirefu wanapatikana wapi, neoni tetra anauzwaje. Kwa sisi wa Mtwara na Lindi, ndugu yangu, la kwanza ni maji. Pwani yetu ina mawe mengi ya matumbawe na chokaa, na maji ya visima vingi vya huku ni magumu. Dalili unazo jikoni tayari: sabuni inachelewa kutoa povu, na sufuria ya kuchemshia maji inaota gamba jeupe kwa ndani.

Ukiliona gamba hilo, umeshajua ununue samaki gani. Gapi, moli, plati na mkia-upanga wanayapenda maji magumu, na humo watazaa bila kubembelezwa. Neoni tetra kwao ni vijito vya bonde la Amazon, maji laini yenye asidi kidogo, na kwenye maji ya chokaa hakai vizuri. Ziko dawa za kubadilisha maji, ila simshauri anayeanza azitumie. Maji yanayopandishwa na kushushwa kila wiki humchosha samaki kuliko maji magumu yaliyotulia.

Kisima kilicho karibu na bahari kiangalie kwa makini zaidi, maana kikiwa na chumvi moli atavumilia lakini mimea mingi itaoza. Maji ya bomba yana klorini, basi yaache kwenye ndoo pana iliyo wazi kwa siku nzima, au yapigie pampu ya hewa. Maji ya mvua ni laini na yanafaa kuchanganywa na ya kisima. Yakiwa peke yake hayana chokaa ya kuishikilia pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (kikishuka, asidi imezidi), nayo inaweza kuporomoka ghafla. Na mvua za kwanza za msimu usizikinge kabisa, hasa kama jirani kuna mikorosho: bati limebeba vumbi la salfa na viuatilifu vilivyopulizwa kiangazi chote.

Mchanga mweupe wa ufukweni unavutia, ila mara nyingi umechanganyika na matumbawe na makombe yaliyosagika, nao utazidi kuyafanya maji kuwa magumu. Tumia mchanga wa mtoni, uoshe mpaka maji yatoke safi. Jiwe la kupambia lipime hivi: likaushe, likamulie ndimu, kisha lisogeze karibu na sikio. Likitoa vipovu na kusikika likifoka, lina chokaa, liweke kando. Likinyamaza, linafaa.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 linabeba lita zipatazo 60, na ukijumlisha kioo, mchanga na mawe uzito unapita kilo 80. Meza ya plastiki haitaliweza. Usiliweke dirishani, jua litakuletea utando wa kijani. Taa ya LED kwa saa 6 mpaka 8 kwa siku inatosha.

Mimea ya kuanzia ni ile isiyodai mengi: anubiasi, kangaga ya Java na valisneria. Valisneria inapenda maji yetu magumu, nayo husambaa yenyewe kwa vikonyo vinavyotambaa mchangani. Anubiasi ina shina nene linalolala kama tangawizi. Wengi hulifukia kwa kudhani ndiyo kupanda, nalo linaoza. Lifunge kwa uzi wa cherehani juu ya jiwe, mizizi ining'inie, lenyewe libaki wazi majini. Mizizi ikishalikamata jiwe, uzi hauna kazi tena.

Sasa subira, na hapa ndipo samaki wengi wanapofia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na uchafu wake, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haina madhara na mimea huila. Bakteria hao huishi kwenye sponji ya filta na kwenye mchanga, na huchukua wiki 4 mpaka 6 kuongezeka vya kutosha. Katika wiki hizo weka mimea, washa filta, tia chembe chache za chakula ili amonia ipatikane, na upime kwa vikaratasi vya kupimia maji. Amonia na nitriti zikipanda kisha zikashuka mpaka 0 na kubaki hapo, tangi liko tayari. Huku kwetu usifupishe muda huo, kwa sababu amonia huwa kali zaidi maji yakiwa ya moto na pH ikiwa juu, na maji yetu yana yote mawili. Baadaye sponji ifinye ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Ukiisugua bombani, klorini itawaua bakteria uliowasubiri.

Ukiingiza samaki, anza na gapi au plati watano sita, uongeze taratibu. Hita hutaihitaji, lakini maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo usijaze tangi na pampu ya hewa iwepo. Samaki wa dhahabu ni wa maji ya baridi, muache. Koridorasi, samaki wadogo wanaokaa chini ya tangi, wengi wao pia hawalipendi joto letu. Perege atafukua mimea na kuila, kambare atakula wenzake. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanapendeza sana na wanapenda maji magumu, ila ni wagomvi, wanataka tangi lao.

Samaki akisafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam anafika baada ya saa nyingi ndani ya mfuko mmoja. Humo amonia imejaa, ila hewa chafu aliyoitoa imeishusha pH, na hilo linampunguzia makali. Ukifungua mfuko hewa ile inatoka, pH inapanda, sumu inaamka. Kwa hiyo mfuko uelee kwanza juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa, kama robo saa, joto lilingane. Kisha ufungue, mnase samaki kwa kijavu, mtie tangini mara moja. Maji ya mfuko yamwage nje.

Jambo ambalo sitachoka kulisema ni sumu za nyumbani. Dawa nyingi za kupuliza mbu zina pairethroidi, sumu ya wadudu inayoua samaki kwa kiasi kidogo mno. Kabla ya kupuliza, zima pampu ya hewa, maana huvuta hewa ya chumba na kuiingiza majini, kisha funika tangi vizuri. Chandarua kikuukuu chenye dawa usikikate kuwa kijavu wala kifuniko. Dumu lililowahi kubeba dawa ya mikorosho lisibebe maji ya samaki hata likioshwa mara ngapi, na ukitoka kupulizia shambani usitie mkono tangini kabla ya kuoga.

Umeme ukikatika, acha kulisha, teka maji ya tangi kwa kikombe na uyarudishe kutoka juu ili yachukue hewa. Pampu ndogo ya betri inasaidia zaidi, nunua mapema. Kama filta yako ni ya kopo lililofungwa na umeme umekaa saa nyingi, isuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha, kwa kuwa bakteria waliokosa hewa humo hufa na kuoza, na maji yaliyolala ndani hayafai kumwagikia samaki.