Pikapu ya Umeme: Kipi Uagize Kiwandani, Kipi Umwachie Fundi wa Mwanza

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinahusu pikapu za umeme, hasa ile orodha ndefu ya vifaa ambavyo kiwanda humtaka mnunuzi achague kabla gari halijaundwa. Nimejibu saba, na katika kila jibu nimejiuliza jambo moja: je, kifaa hiki kinaweza kuongezwa baadaye hapa Mwanza, au ukikikosa kiwandani umekikosa moja kwa moja?

Swali: Ninapeleka vipuri vya mashine Geita mara mbili kwa wiki. Nimeonyeshwa pikapu ya umeme yenye chaguo la betri mbili, na tofauti ya bei ni kubwa. Je, betri ndogo haitanitosha? (Msomaji, Nyegezi)

Betri ndiyo mahali pa kuanzia, kwa sababu hakuna fundi atakayekuongezea betri baadaye. Tumia hesabu ya LUKU unayoijua: kilowati-saa moja ya betri ni uniti moja ileile unayoinunua nyumbani. Isuzu D-Max ya umeme, inayoundwa Thailand, ina betri ya uniti 66.9, na kwa vipimo vya Ulaya husafiri kilomita 263. Kutoka Mwanza hadi Geita ni kilomita zipatazo 120, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 huhitaji tena kusubiri kivuko. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 240, hivyo kwenye karatasi unabaki na kilomita 23.

Karatasi, hata hivyo, haibebi vipuri. Vipimo vile hufanywa na gari lisilo na shehena ya maana, ilhali wewe unapakia vyuma, unapanda vilima na pengine unarudi usiku mvua ikinyesha. Kwa vipimo, gari hilo hula uniti 25 hivi kwa kilomita 100. Tuseme kwa mzigo wako litakula 32, basi betri imekwisha kwenye kilomita 209, nawe hujafika nyumbani. Ama uwe na mahali pa uhakika pa kuchajia Geita wakati unashusha mzigo, ama uchukue betri kubwa. Ford F-150 Lightning, iliyoanza kufikishwa kwa wateja mwaka 2022, iliuzwa na betri za uniti 98 na 131, na tofauti ya namna hiyo ndiyo inayogeuza safari ya wasiwasi kuwa safari ya kawaida. Fahamu tu kwamba betri kubwa ni nzito, na uzito wake hupunguza kilo unazoruhusiwa kupakia. Kwa mtu ambaye kazi zake haziendi mbali zaidi ya Kirumba, Igoma na Usagara, ningemshauri achukue ndogo bila kusita.

Swali: Shikamoo mzee. Mama yangu anauza sangara na sato pale Mwaloni, na umeme ukikatika friza zake mbili hutupa hasara. Nimesikia kuna pikapu zenye soketi kwenye bodi. Zinaweza kuendesha friza? (Kijana wa Kirumba)

Marahaba, mwanangu. Zinaweza, na kwa biashara ya mama yako ningeweka kifaa hiki mbele ya vingine vyote baada ya betri. Friza ya kulaza ya kawaida hula kati ya uniti moja na mbili kwa siku, kwa hiyo mbili zikikatikiwa umeme kutwa nzima zitachukua uniti nne kwa wingi. Kwa betri ya uniti 66.9, hicho ni kiasi kidogo sana, na asubuhi gari bado litakwenda kazini.

Shida iko kwenye aina ya umeme. Hapa kwetu tunatumia volti 230 kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Gari lililoundwa kwa soko la Marekani, kama hiyo Lightning, hutoa volti 120 kwenye soketi zake za kawaida, tena kwa mizunguko 60. Transfoma itakupandishia volti, lakini haibadili mizunguko, na mota ya friza iliyotengenezwa kwa mizunguko 50 haikukusudiwa kuzungushwa hivyo siku hadi siku. Agiza gari lenye soketi za volti 230 tangu kiwandani. Uliza pia nguvu yake kwa kilowati: kwenye Lightning, kiwango cha chini kilikuwa kilowati 2.4, na anayelipia zaidi alipata 9.6. Friza mbili zinaweza kutosheka na kile cha chini, ila zisiwashwe kwa pamoja, kwa kuwa kila mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia.

Nakusihi jambo moja. Msitengeneze waya wenye plagi pande zote mbili ili kurudisha umeme wa gari kwenye nyaya za nyumba. Umeme huo unaweza kutoka nje hadi kwenye nguzo, ambako fundi wa TANESCO ameshika waya akiamini kuwa umezimwa. Chomekeni friza moja kwa moja kwenye gari, au mfungiwe swichi ya kubadilishia umeme na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Swali: Nikichaji kwenye soketi ya kawaida ya sebuleni kuna ubaya gani? Na je, ninunue chaja ya ukutani ya kiwanda? (Msomaji, Buzuruga)

Soketi yetu ya pini tatu za mraba ni ya ampia 13, lakini haikuundwa kubeba kiwango hicho saa ishirini mfululizo, ndiyo sababu waya wa kuchajia unaokuja na gari kwa kawaida huvuta ampia 10 tu. Hiyo ni kilowati 2.3, maana yake betri ya uniti 66.9 itachukua zaidi ya saa 29 kujaa. Nilipata kuitwa kuangalia soketi ya namna hiyo, ya bei nafuu, iliyokuwa imefungwa nyuma ya kochi: tundu moja lilikuwa limeyeyuka na kuvimba kama nta, plagi imeng'ang'ania ndani, na ukuta umeacha alama nyeusi yenye upana wa kiganja. Mwenye nyumba alikuwa ameizoea harufu kwa siku tatu.

Kwa hiyo ndiyo, weka chaja ya ukutani, ya ampia 32, yenye laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, waya wa ardhi uliopimwa, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Hiyo hutoa kilowati 7.4, nawe utalala gari likiwa tupu na kuamka limejaa. Si lazima iwe ya kampuni iliyounda gari. Kilicho lazima ni mdomo wa kuchajia ulio kwenye gari lenyewe, na huo huchaguliwa kiwandani: magari ya soko la Ulaya hutumia CCS2, ya Marekani yana ya kwao, na yale yaliyokusudiwa kuuzwa ndani ya China hutumia GB/T. Uliza kwanza ni mdomo gani unaohudumiwa mahali unapopita, ndipo uagize.

Kuhusu LUKU: kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, jiandae kulihama. Kujaza betri hiyo mara moja tu, pamoja na umeme unaopotea njiani, kunakaribia uniti hizo zote.

Swali: Je, kifuniko cha bodi kinachojifungua kwa mota kina thamani ya bei yake? (Msomaji, Ilemela)

Kwa maoni yangu, hapana. Vumbi la barabara za pembezoni na magamba ya samaki huingia kwenye reli zake, na mota ikikwama huna pa kuipeleka. Rivian, ya Marekani, ililazimika kusitisha kwa muda kukifunga kifuniko cha namna hiyo kwenye pikapu yake ya R1T kwa sababu ya matatizo yake. Turubai imara lenye vishikizo, lililoshonwa hapa mjini kwa vipimo vya bodi yako, litafanya kazi hiyo.

Fedha hiyo ihamishie kwenye mpako mgumu wa ndani ya bodi, ule unaopulizwa na kushikamana na bati. Nenda Mwaloni alfajiri utazame pikapu zinazosubiri mzigo: barafu inayeyuka chini ya sangara, maji mekundu yenye ute yanatiririka kuelekea kwenye mlango wa nyuma na kutuama kwenye kona, na kwenye kona hizohizo ndiko utakakoona bati limekwisha kutoboka. Tandiko la plastiki lililowekwa juu tu huficha maji hayo chini yake. Kama utapakia samaki, chukua mpako.

Swali: Nimeambiwa gari haliji na tairi la akiba, bali chupa ya gundi na pampu. Nikubali? (Msomaji, Magu)

Usikubali. Gundi huziba tundu la msumari. Haizibi ubavu uliochanwa na jiwe, na mkoa wetu haujapungukiwa na mawe. Kwenye magari kama R1T, tairi la akiba huuzwa pembeni kama nyongeza. Lilipie, pamoja na bamba la chuma la kukinga betri kwa chini.

Swali: Viti vyenye joto je? (Msomaji, Capri Point)

Kwa hali ya hewa ya Mwanza, viache.

Swali: Nina mtumbwi wa fiba wenye mashine, nataka kuuvuta kwa tela kutoka Mwanza hadi Nansio kupitia kivuko cha Kisorya. Niagize nini, na ninaweza kuifungia pikapu pia bampa la chuma na keria hapa nyumbani? (Msomaji, Ukerewe)

Agiza kifurushi cha kuvutia tela kutoka kiwandani, kikiwa na nyaya zake. Ndoano yenyewe fundi yeyote mzuri wa kuchomelea anaweza kuitengeneza, lakini katika gari la umeme kompyuta inapaswa kujua kwamba kuna tela nyuma, ili ibadilishe ukadiriaji wa umbali na namna gari linavyojizuia mguu unapotoka kwenye mafuta. D-Max niliyoitaja imeidhinishwa kuvuta tani 3.5. Tegemea umbali kupungua hadi karibu nusu, na ukifika mwaloni, teremsha tela kwa namna ambayo matairi ya gari yatabaki kwenye ardhi ngumu.

Bampa, stepu na keria vifungwe hapahapa, ila mwambie fundi asichomelee chochote kabla ya kukata umeme wa gari kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu chake, na asitoboe popote chini ya sakafu, maana betri iko hapo. Kisha pima uzito. Pikapu ya tani moja ikibeba watu watatu wa kilo 70 na vyuma vya kilo 120, mzigo unaobaki ni kilo 670, na uzito ambao tela linakandamiza kwenye ndoano nao hutolewa humo.