Kisunzi changu na kizunguzungu chako

Mwanangu, salamu zako nimezipata na ile hela nimeiona kwenye simu, Mungu akuzidishie. Umeniuliza kama kizunguzungu kimetokana na mzungu maana wenzio kazini wanabishana. Hapana bwana. Kizunguzungu ni kuzunguka, kichwa kinazunguka au nyumba inakuzunguka, ndugu zake ni zungusha na mzunguko. Yule jirani yetu wa Malawi si alikuwa akisema chizungulire, na kwao kuzunguka ni kuzungulira? Haya, hapo mzungu kaingilia wapi?

Ila mimi kwetu Pemba sikukua na neno kizunguzungu, nimekua na kisunzi, ndo hichohicho. Na hapo ndo pananiuma mpaka leo. Mimba yako ina miezi minne, nna mwezi tu tangu nishuke Dar na boti, babako kanikalisha kwenye benchi la kliniki kaenda zake kazini. Nesi ananiuliza unajisikiaje, namwambia nna kisunzi. Una nini? Kisunzi. Akamgeukia mwenzie, we kisunzi unakijua ni dudu gani, wakacheka, benchi zima likacheka, na mimi hapohapo kikazidi nikashika ukuta. Kumbe damu imepungua. Toka siku ile nikawa nasema kizunguzungu kama watu wa huku, ndo maana nyie wote mmekua hamkijui kisunzi, na kosa ni langu. Au si langu, la yule nesi. Ah, naye alikuwa binti mdogo tu, kazi yenyewe hajaizoea. Lakini kucheka jamani!

Neno la nyumbani si kosa, nimewaambia mara ngapi. Kisunzi kimo kwenye kamusi, kafungue uone.

Sasa huyo mzungu mwenyewe, wengi wanasema kaitwa hivyo kwa kuzungukazunguka kwake, hatulii mahali pamoja. Bibi yako mzaa babako alikuwa akikataa, anasema ni mizungu ileile, mambo ya ujanja na maajabu, ndo maana na kungwi anawafunda wari mizungu. Mi niko na bibi yako... la, naacha, usije ukaenda kusema mama kasema. Ingawa bibi yako kwa maneno alikuwa hakosei.

We waambie tu neno la nyumbani si kosa na kizunguzungu hakikuja na meli.

Vipi mkeo, kile kisunzi cha asubuhi kimetulia? Asikae na njaa.

Mamako