Grafu ya mtandao ikianza kudanganya, usikimbilie kebo

Asubuhi moja nilikuta grafu ya laini yetu kuu imelala chini, sifuri tupu, huku kurasa zikifunguka kama kawaida. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha na poti. Saa mbili zikaishia hapo, kabla sijagundua kwamba ruta ilijizima na kuwaka usiku.

MRTG na wenzake, yaani programu za kuchora grafu za mtandao, huiuliza ruta kwa SNMP (lugha ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao): kiolesura (mlango wa mtandao) namba 3 kimepitisha baiti ngapi? Namba hiyo ndiyo ifIndex, na ruta inaweza kuipanga upya kila inapowaka. Ukiongeza kadi, au ukiwa na violesura vya PPP (miunganisho ya kupiga, kama ya modemu) vinavyozaliwa na kufa kila laini inapokatika, namba 3 ya jana si namba 3 ya leo. Yangu ilihamia kwenye poti isiyo na kebo. Hiyo ni bahati, kwa kweli. Ingeangukia poti yenye trafiki, ningesoma takwimu za jirani kwa miezi bila kushtuka.

Kwa hiyo kwanza endesha snmpwalk (amri ya kusoma orodha nzima kwa SNMP) kwenye ifName, orodha ya majina ya violesura na namba zake, ulinganishe na namba zilizomo kwenye faili la mipangilio la MRTG. Zikipishana, mchawi umempata. Mimi nilitengeneza faili upya kwa cfgmaker, zana ya MRTG ya kuliandika, nikiweka --ifref=name, ili kiolesura kitafutwe kwa jina. Ruta nyingi za Cisco zina pia amri ya snmp-server ifindex persist ya kuzifanya namba zisihame, ila jina bado naliamini zaidi. Kwa PPP kwenye Linux, mpe kila muunganisho unit (namba) yake kwenye pppd, programu inayoendesha PPP, la sivyo hata majina yatabadilishana: ppp0 leo, ppp1 kesho.

Baadaye likaja la pili: laini ya gigabiti moja ambayo grafu yake haikuvuka megabiti 114 kwa sekunde hata siku moja. Kaunta ya biti 32 hujaa ikifika baiti 4,294,967,296 na kuanza upya, na laini hiyo ikijaa huimaliza kwa sekunde 34 hivi. MRTG nayo huuliza kila dakika 5, hivyo haioni kaunta ilivyojaa na kuanza upya katikati! Hapo hamia kaunta za biti 64, ifHCInOctets na ifHCOutOctets, ambazo SNMPv1 haizijui. Niliongeza :::::2 mwishoni mwa anwani ya ruta ili itumie toleo la 2c.

Ukimaliza, zima ruta kwa makusudi, iwashe, kisha pakua faili kubwa kupitia kiolesura kimoja tu. Subiri dakika 10. Mstari wa kiolesura kingine ukipanda, rudi kwenye snmpwalk.