Kakao ya Muheza kwenda Ulaya: hakuna pointi, hakuna mzani

Mkuu, umeandika kwamba kikundi chenu kinaanza kukusanya kakao Jumatatu, kwamba wakulima wanne mashamba yao yanapakana na hifadhi, na kwamba pointi za GPS, zile namba za simu zinazoonyesha shamba liko wapi, "tutajaza baadaye mzigo ukishafika ghalani". Halafu ukauliza bei, magunia na gari la kupeleka bandarini Tanga. Simamisha kwanza. Hiyo "baadaye" ndiyo iliyonimaliza mimi.

Tulikuwa wakulima 41, huko huko Muheza milimani, wengi wana ekari moja au mbili. Kakao mbichi ya mtu mmoja ni ndoo tatu nne, haitoshi kuvundikwa peke yake, kwa hiyo wote tukamwaga kwenye masanduku yale yale. Siku sita tunageuza, kisha vichanjani, kisha gunia. Zikatoka gunia 58, kakao safi, ukipasua punje ndani ni kahawia tupu. Ndipo mnunuzi akataka orodha ya mashamba.

Kijana tuliyempa simu akaleta orodha. Watu tisa wana pointi moja, ile ya uani kwa ghala! Wengine kumi na wawili hawana alama ya kutoa mbele ya ile 5 ya latitudo, namba ya umbali kutoka ikweta. Sisi tuko kusini ya ikweta. Ukiiacha hiyo alama, shamba la Muheza linaangukia kusini mwa Ethiopia. Tukarudia kupima kwa miguu, wiki mbili. Hapo ndipo mashamba mawili yakajulikana: msitu ulikatwa baada ya 2020, mikakao ikapandwa 2021, na ndiyo kwanza imeanza kuzaa.

Mawili tu. Lakini kakao yake iko wapi? Imo kwenye gunia zote 58. Sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 2023/1115, inakataa kakao ya shamba lililokatwa msitu baada ya mwisho wa 2020, na haikubali kuchanganya safi na isiyojulikana halafu ukapiga hesabu ya asilimia. Ukishindwa kuitenga, mzigo wote umekwenda. Tukauza kwingine kwa bei ya kutupa. Mzee mmoja akanijia na daftari lake la kilo: "Mwanangu, shamba hili kalipanda baba yangu. Mie msitu nimeukata lini?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo nikipita kwake naona aibu.

Hasira yangu iko kwa yule mshauri aliyetufanyia semina ya siku moja, akapokea posho yake, akatuambia tarehe imesogezwa tusihangaike. Kweli, sheria ilikuwa ianze kutumika mwisho wa 2024, ikasogezwa, tena zaidi ya mara moja. Lakini tarehe ya msitu ni 31 Desemba 2020, na hiyo haijasogezwa hata siku moja. Mnunuzi wetu hakusubiri. Mtu anayelipwa kufundisha wakulima anaachaje kusema jambo hilo?

Kwa hiyo shika hili: hakuna pointi, hakuna mzani. Mkulima asimwage hata ndoo moja kabla shamba lake halijapimwa na kuangaliwa kwenye ramani. Pima ukiwa umesimama katikati ya shamba, sio barazani kwake. Subiri simu itulie, andika tarakimu sita baada ya nukta. Ukiandika mbili unaweza kukosea nusu kilomita, na upande wa Amani nusu kilomita inakuingiza hifadhini. Shamba linalozidi hekta 4, karibu ekari 10, pointi moja haitoshi. Zunguka mpaka wote.

Na mikakao iliyo chini ya miti mikubwa, satelaiti inaweza kuiona kama msitu. Piga picha, chukua barua ya serikali ya kijiji inayosema shamba ni la nani na limelimwa tangu lini. Wale wenye iliki na karafuu waache, hazimo kwenye sheria hii. Kahawa na mbao zimo.

Baada ya hapo changanya utakavyo, mradi kila aliyemo sandukuni ameshapita, na jina lake umeandika kwenye daftari la sanduku hilo.

Anza na wale wanne wa mpakani, kesho asubuhi. Masanduku yakae matupu mpaka umalize.