Swali la lugha: Rubani haruki helikopta

SWALI: Natafsiri makala kuhusu kikosi cha 160 cha Marekani, kile kinachopeleka makomando usiku kwa helikopta. Nilikiita "kikosi maalumu cha jeshi la anga", mhariri akalikata jina hilo. Amefuta pia "rubani aliruka helikopta". Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa la kwanza si la sarufi. Kikosi cha 160 si cha jeshi la anga hata kidogo. Ni cha jeshi la nchi kavu, na makao yake ni Fort Campbell, Kentucky. Jeshi hilo la nchi kavu lina helikopta na marubani wake lenyewe. "Jeshi la anga" la Watanzania na "jeshi la wanahewa" la Wakenya ni majina ya tawi zima la jeshi, kwa hiyo msomaji wa pande zote mbili angepotoshwa. Usikimbilie "usafiri wa anga" pia. Maneno hayo yamezoeleka kwa ndege za abiria na mizigo, kama katika jina la Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Andika "kikosi cha helikopta cha operesheni maalumu". Ona "cha" mbili: zote zinarudi kwenye kikosi. Ukisema "kikosi maalumu cha helikopta", umaalumu unahamia kwenye kikosi, na hata kikosi cha kubeba viongozi kingeweza kuitwa hivyo. Ukisema "cha helikopta za operesheni maalumu", sarufi ni safi, ila umaalumu umeangukia vyombo badala ya kazi.

Na historia inaonyesha kwamba vyombo peke yake havikutosha. Aprili 1980 Marekani ilijaribu kuwaokoa mateka wa ubalozi wake Tehran. Helikopta 8 ziliruka kutoka manowari Nimitz. Zilikuwa za jeshi la majini, za kutegulia mabomu ya baharini, na nyingi ziliendeshwa na marubani wa tawi jingine. Moja iliachwa njiani, moja ikarudi baada ya kukumbana na vumbi zito, zikafika 6 jangwani. Moja kati ya hizo ikaharibika mfumo wa haidroliki, na mpango ulihitaji 6 zisizopungua. Operesheni ikafutwa. Wakati wa kuondoka helikopta moja iligongana na ndege ya mafuta, wakafa wanajeshi 8. Matawi hayo hayakuwa yamefanya hata zoezi moja kamili kwa pamoja. Ndipo marubani wa helikopta wa Fort Campbell wakaanza kufunzwa kazi hiyo moja, hasa kuruka usiku chinichini, na Oktoba 1981 kikosi kikaundwa rasmi. Wakati huo kilikuwa batalioni. Kimekuwa rejimenti, ngazi kubwa zaidi, tangu 1990. Makala yako ikitaja ngazi, tumia maneno hayo mawili. "Kikosi" ni la jumla, halina ukubwa.

Marubani hawa msiwaite makomando. Komando ndiye anayebebwa. Katika helikopta ndogo ya MH-6 hukaa nje, kwenye mabenchi ya ubavuni.

Sasa kitenzi. Ndege huruka, rubani huirusha au huiendesha. "Aliruka helikopta" maana yake aliichupa kama mtu anavyoruka mtaro. Ukitaka kutumia kuruka, sema "aliruka na helikopta".

Tofautisha pia kuanguka na kudunguliwa. Mogadishu, Oktoba 1993, helikopta mbili za kikosi hiki aina ya Black Hawk zilidunguliwa kwa roketi za begani. "Zilipigwa chini" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Ile ya jangwani mwaka 1980 haikudunguliwa wala haikuanguka: iligongana na ndege ya mafuta, basi.

Jina la utani, Night Stalkers, wengi hulitafsiri "Wawindaji wa Usiku". Si baya, lakini mwindaji anaweza kuwa na mbwa na kelele. Anayesogea kimyakimya hunyemelea: Wanyemeleaji wa Usiku.